Zamu ya Kubebwa

Wageni wa kanisa waliposhuka kwenye basi, watu kumi na wanne waliovalia fulana za rangi moja, Mama Zamu alihesabu mikono. Ishirini na minane! Yeye na mpishi walikuwa na minne tu, kwa watoto kumi na mmoja wasiojua hata kujifuta makamasi.

Jina hilo alipewa kwa sababu kwake kila kitu kilikwenda kwa zamu: kuoga, kulishwa, kubebwa. Alikuwa amelea kwa miaka kumi na miwili katika chumba cha wachanga cha nyumba ile ya yatima, na sheria yake haikupinda. Mtoto akishaoga anabebwa mpaka nywele zikauke, kisha analazwa, anakuja mwingine. Akilia, alie. "Ukimbeba huyu nje ya zamu yake, yule umwambie nini?" Waliosikia walisema ana moyo wa jiwe. Jiwe! Mtu aliyewahi kumzika mmoja wa watoto hao akashindwa kula siku tatu! Lakini watu wana midomo, utawaziba?

Sasa, kati ya wageni hao alikuwamo binti mmoja, mwalimu wa shule ya Jumapili huko kwao, aliyeomba likizo avuke mpaka kuja kumtumikia Mungu kwa wiki tatu. Mpole, mchapakazi, hana makuu; alifua nepi mpaka vidole vikamchubuka. Kosa lake moja tu: Kibonge.

Kibonge alikuwa na miezi minane na mashavu yaliyojaa mpaka macho yakakosa pa kukaa. Mwalimu alimwinua siku ya kwanza, basi, yakaisha. Asubuhi yuko mgongoni, mchana kifuani, wakati wa sala yuko pajani. Mtoto hakuligusa godoro akiwa macho.

"Mwanangu, mshushe," Mama Zamu alimwambia siku moja wakianika nguo. "Azoee."

"Analia, mama."

"Atalia leo ukiwapo, au atalia kesho hupo. Chagua."

Mwalimu alilengwalengwa na machozi. "Naona huyu Mungu kanipa mimi. Nitarudi, mama."

"Lini?"

Mwalimu alimbusu mtoto utosini, akaendelea kuanika kwa mkono mmoja.

Mama Zamu akaenda kwa mchungaji, msimamizi wa nyumba. "Mama, tusiwaudhi wageni," mchungaji alisema. "Hawa ndio walioezeka paa hili. Halafu upendo umeshamuua nani?" Mama Zamu alitazama paa, akarudi kwa watoto wake. Mwenye nguvu mpishe.

Siku ya kuondoka wageni waliimba, wakaomba, wakapiga picha. Mwalimu alimkabidhi Mama Zamu mtoto, akapanda basi, akashuka kumbusu, akapanda tena. Kibonge alinyoosha mikono mpaka vumbi la basi likatua. Kisha akaanza.

Siku nne, jamani! Chupa aliisukuma, uji aliutema, sauti ilimkauka akawa analia mdomo mtupu. Siku ya pili mashavu yalikuwa yameanza kulegea, na Mama Zamu akaivunja sheria yake mwenyewe: akamfunga mgongoni. Kibonge akatulia, akanywa nusu chupa. Afadhali! Lakini wale kumi walikuwa na macho. Wa kwanza akapiga yowe, wa pili akaitikia, ikawa kwaya ya mashetani. Mpishi alikimbia kubeba wawili, chakula cha nyumba nzima kikaungua. Mmoja alikuwa na homa, mwingine anatapika, na mgongo wa mtu ni mmoja tu.

"Na mimi nina mikono mingapi?" aliwafokea, utadhani walikuwa wamembishia. Akamfungua Kibonge, akamlaza, akatoka nje kusimama nyuma ya tangi la maji, masikio ameyaziba. Alijichukia vibaya sana.

Siku ya tano kilio kilikoma. Kibonge alimaliza chupa nzima.

"Bwana asifiwe!" Mchungaji alichungulia mlangoni. "Si nilikwambia atazoea?"

Mpishi alishangilia. Mama Zamu alimwinamia mtoto, akamchekea, akampigia makofi, akamnyooshea mikono. Kibonge alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta. Alipomwinua, alibebeka tu, mikono inaning'inia. Yule mama alishaona wengine wakitulia hivyo, na hakujua dawa yake.

Baada ya mwezi mizani ilisema uzito umerudi, na nesi wa kliniki akamsifu mlezi. Kibonge alikuwa ameanza kutambaa. Asubuhi moja akatambaa mpaka ukingo wa baraza akaporomoka, kichwa kikagonga saruji. Mama Zamu aliusikia mgongano ule akiwa kwenye beseni la nguo. Akangoja yowe, maana mtoto huvuta pumzi kwanza. Kimya. Alikimbia na povu mikononi.

Kibonge alikuwa ameshaketi. Damu ilimchirizika kwenye nyusi, naye anaipangusa kwa kiganja, hajageuza hata kichwa kuona kama kuna anayekuja.

Mama Zamu alimpakata pale pale chini. "Lia, baba. Lia, mwanangu, nipo." Mtoto alimtazama. "Lia basi, nakuomba!" Aliyelia ni yeye, kwa sauti, mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna msiba gani. Kibonge alingoja afutwe damu, kisha akajisukuma ashushwe chini.