Chura kahama ngeli

Jamani, leo chura kaniaibisha Mlandege!

Nimekwenda huko kuchukua kibao kipya cha chumba chetu cha sayansi skuli. Cha zamani kiliandikwa Bufo pusillus, lakini wataalamu wameshamhamishia chura huyo kwenye jenasi nyingine, yaani lile kundi linalotoa jina la kwanza. Rafiki yangu mtafiti alinitumia jina jipya, nikalinakili mbiombio na kumpa Ami Haji, mwandika vibao.

Nnatazama kibao: Sclerophrys pusilla.

Pusilla? Ile "us" imekwenda wapi?

Nikapaza sauti mbele ya wateja: "Ami, umeniharibia! Lililobadilika ni jina la kwanza tu!"

"Mwalimu, mie nmefuata karatasi yako."

Sikukubali. Nikampigia mtafiti, spika wazi, ili Ami asikie kosa lake mwenyewe.

Mtafiti akacheka. "Pusillus ni 'mdogo' kwa Kilatini. Jina la jenasi mpya, kisarufi, ni la kike, kwa hivyo na hilo neno linabadilika."

Ami Haji akapiga kofi. "Kumbe ngeli! Kiti kidogo, nyumba ndogo! Chura kahama ngeli!"

Wallahi nilisisimka! Miaka yote nnasomesha bayolojia, majina haya nakariri tu. Leo nmeyaelewa, tena kwa fundi wa rangi!

Nikamwomba radhi. Akanambia nisome na mstari wa chini.

Karatasi yangu: "Chura hii anaishi..."

Kibao chake: "Chura huyu anaishi..."

"Hiyo nlikurekebishia kimya kimya, mwalimu."

Haya, chekeni. Ila mwalimu wa Kiswahili wa skuli yetu msimtumie habari hii!