Kompyuta ya Wodi Mpya

Hospitalini walimwita Mama Nywila, maana kila aliyesahau nywila alimkimbilia yeye. Programu ya mafaili ya wagonjwa aliiandika mwenyewe, na aliipa sharti moja: kompyuta iliyo nje ya mtandao wa wodi haifungui faili la mtu.

Asubuhi wodi mpya ya wazazi ilipofunguliwa, muuguzi wa zamu akampigia.

“Dada, kompyuta ya huku inanikataa. Nina mama anapelekwa kupasuliwa, anasema kuna dawa inamdhuru, jina halikumbuki. Limo kwenye faili.”

“Huwezi kukimbilia jengo la zamani, ambako kompyuta zinafungua?”

“Niko peke yangu na wagonjwa.”

Anwani ya ile kompyuta kwenye mtandao ilikuwa 10.20.6.31. Mtandao wa wodi ni 10.20.4.0/22, yaani kuanzia 10.20.4 hadi 10.20.7, kwa hiyo sita imo ndani kabisa. Akafungua kodi, yale maandishi yanayoiongoza programu. Kumbe alikuwa akilinganisha maandishi tu: anwani ikianza na “10.20.4” iingie, isipoanza hivyo ikae nje.

Mkuu wa kitengo akasimama nyuma ya kiti chake. “Fungulia wote kwanza, utarekebisha baadaye.”

“Nipe dakika chache, bosi.”

Akaandika upya. Kila anwani akaigeuza namba ya biti, yaani sifuri na moja tupu, kisha akalinganisha biti ishirini na mbili za mwanzo, ambazo ndizo zinazotaja mtandao. Sita ikakubaliwa. Ili asije akafungua kupita kiasi, akajaribu pia anwani ya ukumbi wa wageni, 10.20.40.9. Ikakataliwa. Akairudisha kwenye kodi ya zamani aone, nayo ikaikubali, maana 40 nayo inaanza na 4.

Akaiweka kodi mpya kazini, akampigia muuguzi.

“Imefunguka. Nimeliona jina la dawa. Ngoja niwapigie madaktari wa upasuaji.” Simu ikakatika.

Mama Nywila hakuishia hapo. Akapekua kumbukumbu za mfumo kutafuta aliyewahi kufungua faili kutoka ukumbini. Akakuta jina moja tu, la daktari wa watoto. Akampigia.

“Ni mimi,” daktari akajibu. “Ofisi yangu ilikuwa inapakwa rangi, nikahamia kule na kompyuta yangu. Kuna tatizo?”

“Hapana, daktari.”

Alasiri muuguzi akatuma ujumbe: mama na mtoto wazima. Aliusoma mara mbili, kisha akairudia kodi kuijaribu upya, anwani moja baada ya nyingine.