Baba Anangoja Zamu Yangu ya Kucheza

Admin, ukiitoa hii usiweke jina langu, maana ndugu zangu wengi wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka 49, nauza unga na mafuta ya kupikia kwa jumla huku Lubumbashi, Kongo, mtaa uitwao Kenya, na nyumba yangu iko mtaa wa Ruashi. Nimezaliwa Kivu Kaskazini. Mama alishafariki. Baba bado yuko kule, na ni kwa ajili yake silali.

Mimi na baba tuna bao letu. Kila Desemba nilipanda ndege uwanja wa Luano nikaenda kwake, tukacheza uani huku tukitaniana. Ila hatukuwahi kumaliza. Babu alikuwa akisema, anayesafiri ukimaliza naye bao, umemfukuza. Kwa hiyo siku ya kuondoka baba analifunika kwa kitambaa, kete zikiwa mashimoni, anasema, "Tutaendelea." Desemba nyingine anafunua, tunaanzia pale pale. Kiti kile kile, utani ule ule kwamba Lubumbashi imeninenepesha kama padri. Niliishi nikiamini mambo hayo yatajirudia milele, na nilipenda hivyo.

Sasa niseme kinachoniuma. Mke wangu, Mama Debo, ni mzaliwa wa huku. Tulipomaliza kujenga aliniambia, "Papa Debo, tulete mzee. Chambre moja iko vide, hakuna muntu analala mule. Na kule vita iko inakaribia." Nikamjibu kwamba baba hapendi mji, atachoka. Uongo mtupu! Baba hata sikumuuliza. Nilitaka abaki kule kwa faida yangu, ili niwe na mahali pa kurudi ambapo bado ni mtoto wa mtu. Nilimwacha mzee wangu mdomoni mwa simba ili Desemba yangu isiharibike. Mtu mzima mimi, naona aibu hata kuandika.

Vita ikafika. Uwanja wa ndege wa kule umefungwa, barabara niliyokuwa napita imekatika, majirani wamehama. Dada yangu Masika, anayekaa na baba, amepata nafasi zao mbili kwenye lori linalokwenda Uganda. Baba amekataa kupanda. Nilimpigia nikamsihi sana. Akanijibu taratibu, "Mutoto wangu, nikitoka, Desemba utamukuta nani? Bao iko palepale. Ni zamu yako. Utacheza wapi?"

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia ukweli kwamba siwezi kufika. Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Nitakuja, baba. Usiguse kete." Nikamsikia akicheka kwa furaha. Masika akamnyang'anya simu, analia: "Yaya, kaka yangu, unamuua mzee na ile mudomo yako!"

Mama Debo naye amenichoka. Jana tukila bukari, ugali wa huku, alisema tu, "Malizeni ile mchezo." Nikajifanya sikuelewa. Nilielewa sana. Picha ya bao ninayo kwenye simu, niliipiga siku ya kuondoka. Nikimpigia nikacheza kwa simu shimo la pembeni kushoto, baba anakula kete zangu zote na mchezo umekwisha. Sitahitaji kumwambia siji. Atajua mwenyewe, na atapanda lori maana hatakuwa na mtu wa kungoja. Lakini itakuwa ni mimi niliyemtoa baba kwenye nyumba aliyoijenga, ni mimi niliyefunga mlango wetu, na kwa umri wake pengine hatutaonana tena. Nikinyamaza, atabaki ananingoja, na wanaokuja si watu wa kucheza nao bao. Kila nikishika simu naishia kuitazama ile picha.

Lori linaondoka kesho asubuhi. Masika ameniandikia sasa hivi kwamba amemwambia baba nitacheza kwa simu, na baba amekwisha kufunua bao, amekaa mbele yake na simu mkononi, na amemwambia asipige kelele ili anisikie vizuri nikitaja shimo.

Ndugu zangu, mtoto anaanzaje kumwambia baba yake neno kama hilo? Nishaurini, nifanye nini? Wa kunitukana anitukane, nimestahili, ila mnijibu leo.