Goti la Chacha

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kijiji chetu cha Busawe kilikwenda kwenye shamba la ujamaa na hakuna jembe lililolima. Nakusimulia leo kwa sababu nimekaa hapa tangu asubuhi nikiwasikiliza wewe na wenzako mkibishania mechi ya jioni. Kocha huyu hajui kitu, kocha yule angeshinda, mshambuliaji fulani hana lolote, anadeka tu na hilo paja lake. Mmenichosha. Mnalizungumzia paja la mtu kama tairi la baiskeli. Nyamazeni kidogo, maana nami nilikuwa mpumbavu wa aina hiyohiyo kabla baba zenu hawajazaliwa, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko yenu.

Miaka ile tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye maboma yetu na kupangwa mistari mistari kijijini. Watu wa mlimani na watu wa mtoni, ambao zamani tulionana mnadani tu, tukawa majirani. Shamba likawa moja, duka moja, timu ya mpira moja. Makocha tu ndio walikuwa wawili. Sisi wa mtoni tulikuja na Sajenti Wambura, mwanajeshi mstaafu aliyeamini kwamba timu hufundishwa kwa kukimbizwa mpaka itapike. Wa mlimani walikuja na Mwalimu Magige wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye filimbi, aliyewachorea wachezaji mistari mavumbini kwa kijiti. Viongozi wa kijiji walipoona hatutaelewana wakaamua wapokezane, mechi hii ya huyu, inayofuata ya yule. Sijui nani alibuni mpango huo, lakini tangu siku hiyo hatukuwa na amani hata kanisani.

Mechi ya Jumapili iliyokuwa inakuja, dhidi ya Nyansurura, ilikuwa zamu ya Mwalimu. Na Jumatano ya juma hilo Chacha, mfungaji wetu, alikuwa ameumia goti mazoezini.

Chacha alikuwa rika langu na rafiki yangu. Baba yake alikwisha kufa, dada zake wote walikuwa wameolewa, kwa hiyo shamba la mama yake alilima yeye peke yake kwa plau na maksai wawili. Mvua zilikuwa zinakaribia. Goti lile lilikuwa letu kwa saa mbili za Jumapili. Siku nyingine zote lilikuwa la mama yake. Hilo nililijua vizuri. Usidhani sikulijua.

Mwalimu alipotangaza kwamba Chacha hatacheza, shamba zima la ujamaa likasimama. Tuliegemea majembe tangu jua likiwa chini mpaka likawa utosini. Balozi wa nyumba kumi alipita akitukaripia, kisha naye akaegemea fimbo yake na kuanza kubishana.

"Mwalimu ni mwoga," mmoja wetu alisema. "Sajenti angelifunga goti kitambaa tu, mtu akacheza."

"Limevimba kama mbuyu!" akajibu wa mlimani.

"Umeliona?"

"Nimeambiwa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu thelathini walikuwa wanalitibu goti ambalo hakuna hata mmoja aliyekwenda kuliona. Mwingine akasema Sajenti aliwahi kucheza akiwa amevunjika mkono kule jeshini, sote tukashangilia, na hakuna aliyekumbuka kwamba mpira huchezwa kwa miguu. Hata leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Mimi ndiye niliyesema twende kwake. Nilitaka Chacha acheze, ndiyo, lakini nisikudanganye: zaidi nilitaka wa mlimani waaibike.

Tulifika kama kumi hivi, majembe begani. Mama Chacha alikuwa anaanika mtama uani pamoja na majirani zake wawili. Chacha alikaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, goti limefungwa majani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, Marwa. Mmekuja kumpa pole mwenzenu?"

"Ndiyo, mama."

Uongo wa kwanza huo. Kisha nikasimama mbele ya Chacha, nikapaza sauti ili wote wasikie.

"Mura, mwanaume mwenzangu, mimi na wewe tulitahiriwa siku moja. Nilikuwa nyuma yako kwenye mstari, nilikuona. Hukupepesa hata jicho. Leo goti tu ndilo linakushinda?"

Mwanangu, wewe umekulia mjini, labda huelewi nilichokifanya. Kwetu kijana aliyetikisika mbele ya kisu hakusahauliwa. Angeoa, angezaa, angeota mvi, na bado kwenye pombe mtu angemkumbusha. Aibu ile iliingia mpaka kwenye boma la baba yake. Kwa hiyo hapakuwa na mwanaume wa rika letu ambaye angeulizwa vile mbele ya watu, tena mbele ya wanawake, akabaki ameketi.

Chacha akasimama. Akatembea mpaka kwenye kihenge, akageuka, akarudi, bila kuchechemea hata hatua moja. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi niliona jasho kwenye paji la uso wake, na kivulini pale hapakuwa na joto. Niliona, nikapiga makofi pamoja nao.

"Chacha, kaa chini," mama yake alisema.

"Nitacheza, mama."

Jumapili Mwalimu alijaribu kumkatalia. Chacha aliyatupa yale majani, akaruka mara mbili kwa mguu ule ule, akaapa kwamba amepona. Watu wetu walikuwa wameshaanza kumzomea Mwalimu, na yeye, maskini, akakubali. Mpaka leo wapo wanaosema kosa lilikuwa lake. Hunikera sana maneno hayo, kwa sababu mtu pekee aliyesema kweli juma lile lote ndiye tuliyemzomea.

Chacha alifunga bao kipindi cha kwanza, kwa mguu mzima. Nilikimbia mbele ya watu wa mlimani nikiwachezea ngoma usoni. Kipindi cha pili aliufuata mpira pembeni, akageuka, na bila kuguswa na mtu akaanguka. Hakupiga kelele. Alishika majani kwa mikono yote miwili na kuuma ukosi wa shati lake.

Na sisi? Tuliingia uwanjani tukibishana! Wa mtoni walisema Mwalimu alipaswa kumtoa wakati wa mapumziko. Wa mlimani walisema Sajenti ndiye aliyetutuma kwa Chacha, jambo ambalo halikuwa kweli, maana Sajenti mwenyewe hakuwa na habari. Mimi nilikuwa nimemkamata mtu shati, namwambia Mwalimu hajui mpira, na Chacha alikuwa amelala hatua tatu nyuma ya visigino vyangu. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa amepiga magoti, akimfungulia vifungo na kutuomba maji. Hakuna aliyemsikia.

Mama Chacha alikatiza uwanja taratibu. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Marwa."

"Naam, mama."

"Maksai wangu wanamjua Chacha tu. Kesho njoo wakuzoee." Kisha akatutazama wote. "Sasa mnyanyueni mtoto wangu."

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka zahanati, na kutoka hapo wakampeleka hospitali. Alirudi baada ya miezi miwili na mguu usiokunjika. Hakushika plau tena maishani mwake. Nililima mimi shamba lile, msimu huo na mingine mingi, mpaka watoto wa Chacha walipokua. Nililima vibaya. Maksai walinichukia, na mama yule alinifuata nyuma akisema, "Hapo umeruka, rudi." Watu wengine hunisifu kwa kazi ile, nami huwaambia waache, kwani mtu hasifiwi kwa kufagia alichomwaga mwenyewe.

Chacha hakuwahi kunilaumu. Hilo ndilo lililonitesa, na miaka mingi baadaye, sote tukiwa na wajukuu, nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunapukuchua mahindi kwake. Nikamuuliza, "Siku ile, kwa nini hukusema kwamba linauma?"

Hakuacha kupukuchua.

"Ungekuja peke yako ningekwambia," alisema. "Ulikuja na watu kumi."

Nikachukua hindi jingine nikaendelea kupukuchua. Alikuwa amekwisha kunijibu kwa maisha yangu yote.

Basi sikiliza, maana nataka nikalale. Makocha wabishieni mpaka makoo yakauke, wao hawapungukiwi kitu. Lakini mwili wa mtu mwingine si jambo la kupigiwa makelele. Akisema anaumwa, mwamini, hata kama timu yako itafungwa. Asiposema, mfuate mwenyewe, bila kundi, ukae naye, umuulize kwa namna ambayo anaweza kujibu "siwezi" na asipungue chochote machoni pako. Usimkumbushe ushujaa wake wa zamani ili kumsukuma leo. Na ukishamwona amelala chini, achia shati la mwenzako, kamletee maji. Ubishi utaukuta palepale.

Mungu akupe afya, mwanangu, akupe na kazi ya kukuchosha mikono badala ya mdomo. Akuepushe na rafiki wa namna niliyokuwa mimi. Na siku utakapotaka kuwa rafiki wa namna hiyo, akukaushe sauti kabla hujafika mlangoni kwa mtu.