Kisanduku Kwenye Kaburi la Mama Dorotea

Nakutegea, msomaji: nyumba yangu ina kuta nne, haina mlango wala dirisha, na aliyemo ndani hatumwoni. Umeshindwa? Nipe mji basi. Ni kile kisanduku kitupu ambacho kompyuta hukichora ikikutana na herufi isiyoijua.

Saa moja asubuhi, mtaani Mirongo. Gladness Shimba anainamia kompyuta ya duka la steshenari. Kwa miaka tisa amechapa barua za kazi, kadi za harusi na maandishi ya makaburi. Leo anahangaikia herufi moja tu.

Ni herufi ya mwandiko wa Wabamum, watu wa Kameruni. Mzee Njikam, fundi cherehani wa Buswelu aliyetoka huko ujanani, aliidarizi kwenye kila gauni alilomshonea mkewe, Dorotea. Mama Dorotea alipofariki, mzee aliomba ichongwe kaburini. Mpwa wake akaituma kwa simu kutoka kwao.

Kwenye kompyuta ya Gladness kikatokea kisanduku.

"Nikajua ndiyo yenyewe," anasema. "Mimi Kibamum nimekionea wapi?"

Akampelekea Masalu, mchonga mawe, ambaye sheria yake ni moja: anachonga anachokiona, hamuulizi mtu. Kisanduku kikachongwa chini ya jina la marehemu, kikapakwa rangi. Mzee alikitazama, akashukuru, akaenda zake. Mpaka leo Gladness hajui kwa nini hakulalamika.

Aliyegundua kosa ni Elias, fundi kompyuta. "Dada, umemchongea mama wa watu hitilafu," akamwambia. Herufi ile ilishapewa namba yake kwenye kompyuta za dunia, zaidi ya miaka kumi na tano sasa. Ila mashine hii haikuwekewa umbo lake.

Hapo Gladness anapandwa na hasira, na mimi niko upande wake.

"Vikatuni vya kucheka vimo, vya kulia vimo, mpaka kinyesi kinachotabasamu kimo. Herufi ya watu haimo. Nani alikaa akachagua?"

Elias amempa faili la herufi hizo. Gladness anabonyeza, herufi inatokea, nzima. Masalu atachonga bamba jipya bure kabla ya arobaini, Jumamosi. Naye Gladness ataweka faili kwenye flashi, apite nalo kila duka la steshenari la Mirongo.

Mzee Njikam anaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, kile kisanduku ulikiona. Mbona ulinyamaza?"

Mzee anaigusa herufi kwenye kioo.

"Baba yangu alichapwa viboko kwa kuandika hii. Wafaransa waliotutawala waliikataza. Nilipoona mmeifunika, nikadhani na huku imekatazwa."