Kiti Kilichohama

Bado nausikia mkwaruzo wa kile kiti sakafuni. Kwa miaka tisa wakala wangu aliketi upande wangu wa meza, akilamba kidole gumba kabla ya kufunua kila ukurasa, na mchapishaji akitaka kugusa hata nukta, yeye alipiga meza kwa kiganja: “Neno la mwandishi wangu haliguswi!” Siku alipogeuka kuwa mtayarishaji wa filamu, alikiburuta kiti hadi upande wa pili, akalamba kidole kilekile, akanisukumia mkataba wa kukifanya kitabu changu filamu. Katika kitabu changu mama anamwacha mume anayempiga, na harudi ng'o. Katika filamu yake anarudi, anapiga magoti, anaomba radhi.

“Watazamaji wanapenda mapatano, dada yangu.”

“Huyo ni mama yangu mzazi! Lamba vidole vyako, yeye usimguse!”

Akacheka. “Mama wa kwenye filamu ni wangu.”

Nikaigonga kalamu mezani. Nikamuuliza: sasa upande wangu ameketi nani? Akapatazama mahali patupu kando yangu, kidole kimesimama mdomoni.

“Ningekuwa bado wakala wako,” akasema kwa sauti ya chini kabisa, “ningekukataza kutia saini.”