Amri Moja Ilivyobadilisha Majina ya Picha Zetu za Mapafu

Wakuu, nimeshawahi kurudishiwa uhai wangu mchana kweupe, nikatamani kuukataa.

Mimi ni fundi rangi wa magari. Napiga rangi na mdogo wangu, gereji moja, kibanda kimoja, vumbi lile lile. Bosi akatupeleka wote hospitali tukapigwe picha za mapafu.

Kwenye foleni nikamtanguliza yeye. Alikuwa analia njaa.

Majibu yakatoka. Yeye safi.

Kwangu, daktari akavua miwani kwanza.

"Mzee wangu, saratani imeshasambaa. Tutakupa dawa za maumivu tu."

Mdogo wangu ndiye aliyenishika mkono hadi nyumbani. Akawa anakuja kila jioni kunikanda mgongo.

"Braza, watoto usiwawaze. Wale ni wangu."

Akikohoa, namtania: "Acha kuniigiza wewe."

Siku moja tukaitwa hospitali. Dada wa kompyuta macho mekundu.

"Kaka, ile picha siyo yako."

"Unasemaje?"

Akaeleza. Mashine inatoa picha zenye namba tu. Yeye anaandika amri moja kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, picha zote zinavishwa majina ya wagonjwa kwa mkupuo. Siku ile kuna mgonjwa alitikisika, akapigwa picha mara mbili. Kompyuta itajuaje? Kuanzia hapo majina yakateleza. Kila mtu akapewa picha ya aliyemtangulia. Aligundua alipokuta picha moja imebaki bila jina.

Mdogo wangu akanirukia, akaninyanyua juu juu.

"Huendi popote, braza! Huendi popote!"

Analia, anacheka.

Nilishaelewa.

Akanishusha taratibu. Akaniangalia usoni, kisha akamgeukia yule dada.

"Kwani mbele yake alikuwa nani?"

Dada akamwonyesha jina lake mwenyewe kwenye orodha.

Tulipokaribia nyumbani akanivuta shati.

"Mama usimwambie bado. Aache afurahi kwanza kwamba wewe mzima."

Basi mama akapiga vigelegele uani, na mdogo wangu akampigia makofi.

Mvua zilipoanza, tukamzika mdogo wangu.

Ndugu yangu unayesoma, siku ukiambiwa balaa siyo lako, usikimbilie kushangilia. Uliza kwanza limeenda kwa nani.